Mosi wa Lumbwe, Aliyekataa Kusema Udongo ni Mmoja

Asalaam alaikum kwenu mliopanda mlima kutoka mjini, Mkuyuni na Ngerengere, na Tumsifu Yesu Kristo kwenu nyote wa Matombo na vitongoji vyake. Anayesimama mbele yenu ni Lukasi, mtoto wa Pili, na Pili ni mdogo wake marehemu, kwa hiyo tunayemzika leo, Jumatano tarehe 18 Juni 1913, ni mama yangu mkubwa. Ukoo umenichagua kusoma historia yake kwa sababu najua kusoma, si kwa sababu nyingine, maana wako wanaostahili zaidi. Asubuhi ya leo mtu mmoja, ambaye sitamtaja ingawa mnamwona ameketi kwenye kiti cha mbele, amenishauri nisome kuzaliwa, kubatizwa na kufa, niruke yaliyo katikati, nami nimemjibu kwa heshima zote kwamba marehemu hakuwa kichwa na miguu tu, alikuwa na tumbo pia, na hilo tumbo ndilo tutakalolisoma.

Marehemu Anastasia Mosi alizaliwa Lumbwe, juu ya Matombo, akiwa mtoto wa kwanza wa mama yake, ndiyo maana akaitwa Mosi, akafuatiwa na Pili, kisha na Stefano, ambaye leo ndiye mkuu wa ukoo wetu. Padre aliyembatiza alikisia mwaka akaandika kitabuni tarehe 1 Januari 1857, na marehemu aliposomewa alicheka mpaka akashika mbavu, kwa kuwa mama yake alimzaa katikati ya masika, siku kijito cha Lumbwe kilipofurika kikachukua jiko la uani pamoja na vyungu kumi na vinne vilivyokuwa vikisubiri moto, na tangu dunia iumbwe masika hayajaja Januari. Sisi basi tunasema alizaliwa masika ya mwaka 1857, na asiyeridhika akakiulize kijito.

Shule hazikuwapo, lakini asije mtu akasema marehemu hakusoma. Alifundishwa na bibi yake, aliyefundishwa na bibi yake, namna ya kufinyanga, kukausha na kuchoma vyungu, na kabla hajaruhusiwa kugusa chungu cha kuuza alikaa miaka minne akijifunza udongo wa rangi peke yake. Nyote mnavijua vyungu vya Lumbwe, vyenye shingo nyekundu inayong'aa, na wengi wenu mlikula ubwabwa wa harusi zenu kutoka ndani yake, lakini pengine hamjui kwamba ile rangi nyekundu haichimbwi ikiwa nyekundu. Inachimbwa ikiwa ya manjano, inapakwa ikiwa ya manjano, na moto ndio unaoigeuza, kwa sababu, kama marehemu alivyofundishwa, udongo ule una maji ndani yake hata ukikauka mpaka unapeperuka, na moto ukiyatoa yale maji ndipo wekundu unapotokea. Bibi yake alimpa kipande cha kigae, akakiweka kinywani mwa chungu kilichokuwa na udongo mkavu juu ya makaa, na Mosi akaona kwa macho yake matone yanakusanyika juu ya kigae.

Kuna udongo wa aina mbili pale Lumbwe, na hapa naomba tusikilizane, kwa sababu maisha yote ya marehemu yamesimama juu ya jambo hili. Upo udongo wa jabali, mgumu, wa manjano iliyokolea, unaobanduliwa kwenye mwamba juu ya maporomoko, na upo udongo wa kinamasi, laini, unaoelekea rangi ya chungwa, unaokaa kama magamba membamba kwenye matope ya chini. Ukiusaga na kuulowesha, mgeni hawezi kuutofautisha, lakini ukiuchoma, wa jabali unakuwa mwekundu wa damu, na wa kinamasi unakuwa wa kahawia yenye wekundu kwa mbali, na ukichanganya aina hizo mbili chungu chako kinatoka na mabaka kama mtu mwenye upele. Kwa hiyo wazee wetu waliweka mwiko, kwamba udongo wa aina hizo mbili hauchimbwi siku moja, haukai kapu moja, wala haupandi kichwa kimoja, na mwanamke aliyechimba wa kinamasi ataoga na kulala kabla hajagusa wa jabali. Wako waliocheka mwiko huo, nao tutawafikia.

Mwaka 1875, baada ya mavuno ya mpunga, marehemu aliolewa na Mwinjuma, mhunzi wa Mkuyuni, Mwislamu aliyeswali swala zake tano na kuheshimiwa na kila aliyenunua jembe kwake, na walikaa kwa mapenzi miaka ishirini na mitatu, yeye akichoma vyungu na mumewe akichoma chuma, wakigombania makaa tu. Mungu aliwajalia watoto wawili, Hatibu aliyezaliwa mwaka 1878, na Shamsia aliyezaliwa mwaka 1883, ambaye yupo hapa kwenye mkeka pamoja na wanawe watatu. Hatibu alichukuliwa mwaka 1896 kubeba mizigo ya safari ya askari kwenda Uhehe, na hakurudi, wala hakuna aliyekuja kutuambia kaburi lake liko wapi. Mwinjuma alifariki mwezi Novemba 1898, mwaka ule wa njaa, na siku ya Pasaka, tarehe 2 Aprili 1899, marehemu alibatizwa hapa Matombo kwa jina la Anastasia, akaendelea kila mwaka kupika futari ya Ramadhani kwa ajili ya ndugu za mumewe, na Padre alipomuuliza kwa nini, alisema ubatizo ulimwosha dhambi, haukumwosha shemeji zake.

Sasa tunafika kwenye kazi, na kwenye yale niliyoshauriwa kuyaruka.

Mwaka 1907, reli ilipokuwa inapita Ngerengere kuja Morogoro, ilikuja kampuni moja iliyopewa kazi ya kupaka rangi vyuma vya madaraja ili visishikwe na kutu, nayo ikasikia habari za rangi ya Lumbwe. Marehemu alicheka sana alipoambiwa kazi yenyewe, maana aliona, kama mke wa mhunzi, kwamba udongo wa kinamasi na kutu ya jembe lililosahaulika kwenye mvua vinafanana kwa rangi, kwa harufu na kwa kila kitu, akasema Wadachi ni watu wa ajabu, wanapaka chuma kutu ili kisipate kutu. Hata hivyo alikubali, akakusanya wanawake ishirini na wawili wa Lumbwe, wakachimba kwa mwezi mmoja na nusu, wakabeba kwa vichwa mpaka Ngerengere, mwendo wa siku mbili, na makapu ya udongo wa jabali yalifungwa ugwe wa mgomba kwenye mshikio, na ya kinamasi hayakufungwa kitu, na siku zake zilikuwa mbalimbali, kama mwiko unavyotaka. Marehemu mwenyewe alimwonyesha msimamizi wa kampuni ile makapu hayo, akamwambia wa jabali ndio wa madaraja, na wa kinamasi umeletwa kidogo kwa ajili ya mbao na milango, visikutane.

Msimamizi alikuwa na karatasi kutoka Dar es Salaam. Udongo wa aina zote mbili ulikwisha kupelekwa kwa wapimaji wa madawa, wakaupima wakakuta chuma kile kile, hewa ile ile na maji yale yale, kwa kipimo kile kile, hawakuona tofauti hata ya punje, wakaandika kwamba ni kitu kimoja. Kwa hiyo alipoambiwa visikutane aliwaita wenzake waje wasikilize uchawi wa bibi wa mlimani, wakacheka, kisha akaamuru makapu yote yamwagwe kwenye tanuru moja.

Rangi ilipopakwa kwenye daraja ilitoka na mabaka. Bwana wa kampuni alikuja kutazama, akaona chuma chake kimekuwa kama ngozi ya chui, na msimamizi, ambaye angeweza kusema niliambiwa nikapuuza, alisema wanawake wa Lumbwe wametia majivu na matope ili kuharibu kazi ya serikali. Vita vya Majimaji vilikuwa havijapoa hata miaka miwili, na neno la kuharibu kazi ya serikali halikuwa neno la kutamkwa ovyo.

Jumanne tarehe 19 Novemba 1907, marehemu alisimamishwa kwenye baraza ya boma la Morogoro, mbele ya wanawake wote ishirini na wawili na watu wa soko zima, akatakiwa kueleza. Alieleza kwa utaratibu, kama alivyoelezwa na bibi yake, kwamba kila udongo una maji yake ndani, na kila mmoja umeyashika kwa namna yake, na moto unajua tofauti hiyo hata kama mpimaji haijui. Mkalimani aliposikia mwanamke wa Kiluguru anazungumzia maji yaliyofichwa ndani ya jiwe, aliliogopa neno maji baada ya vita vile, akatafsiri maneno matatu tu, akasema mwanamke huyu anabisha. Hatumlaumu, alikuwa na watoto.

Bwana aliyehukumu siku ile alitaka jambo moja, jepesi kwa sikio, kwamba marehemu aseme mbele ya wanawake wake kuwa udongo ni mmoja, na kuwa habari ya udongo wa aina mbili ni uongo aliouzusha ili kuficha kosa, na akisema hivyo atafungwa mwezi mmoja, na machimbo ya Lumbwe yatabaki mikononi mwa ukoo. Asiposema, ni miezi sita ya mnyororo, machimbo yafungwe, na aandikwe kitabuni kuwa mwongo. Maneno aliyojibu yanajulikana na kila aliyekuwapo, na nayasoma kama yalivyosemwa: "Bwana, nikisema udongo ni mmoja, kesho binti yangu atachanganya, na mjukuu wangu atachanganya, na kazi ya bibi yangu itakuwa imekufa kinywani mwangu. Niandike mwongo ukitaka, kalamu ni yako. Lakini uongo wenyewe sisemi."

Alifungwa mnyororo akiwa na umri wa miaka hamsini, akabeba mawe ya barabara kutoka Novemba mpaka tarehe 19 Mei 1908, jua la Morogoro na mvua ya Morogoro vikamkuta huko, na kikohozi kilichomwua kilianzia huko, hilo tunalisema bila kuogopa. Machimbo yalizungushiwa nguzo na kubandikwa ubao, na wanawake wa Lumbwe, ambao hawakujua kazi nyingine, wakawa wanakwenda kutafuta udongo mbali, ng'ambo ya mto Ruvu, udongo usio na rangi wala sifa.

Tukisema kweli, tuiseme yote. Si boma peke yake lililomtaka aseme. Mjomba wangu Stefano alishuka mjini mara mbili akamsihi dada yake kwa ajili ya machimbo, na Shamsia alilia mbele yake akiwa na mtoto mgongoni, na mwezi wa Februari 1908 alikwenda Lukasi, huyu anayesoma, aliyekuwa mwalimu msaidizi wa misheni na kuogopa kazi yake isije ikaharibika kwa sababu ya jina la mama yake mkubwa. Alimpelekea unga wa muhogo, akamwamkia shikamoo, akamwambia, mama mkubwa, ni neno moja tu, sema litoke. Marehemu aliutazama ule unga, akamrudishia, akamwambia ampelekee mtu mwenye maneno ya kuuza. Lukasi alirudi na unga wake mpaka Matombo, na aibu ile hajaitua hadi leo.

Mwezi Agosti 1908, miezi mitatu baada ya kutoka mnyororoni, misheni ilipokea mgeni, Dokta Kesting, mtaalamu wa mawe kutoka Berlin, aliyekuwa akizunguka milima ya Uluguru na nyundo na mfuko. Marehemu alikwenda kwake bila kuitwa, na furushi mbili ndogo za majani makavu ya mgomba, moja imefungwa ugwe na moja haikufungwa. Dokta alikuwa mtu mpole, alimpa kiti, akamsikiliza kwa tabasamu lile tunalolijua, la mtu anayesubiri umalize, kisha akamwambia kwamba habari hiyo ilikwisha kupimwa Dar es Salaam na udongo ni mmoja. Marehemu hakubishana naye. Aliomba makaa, akachoma kijiko kimoja cha kila udongo mbele yake, wa jabali kulia na wa kinamasi kushoto, akaacha vipoe.

Dokta, kwa mazoea ya kazi yake, alitoa sumaku mfukoni akaipitisha juu. Unga wa kulia ulikaa ulivyo. Unga wa kushoto uliruka wote ukaishika sumaku ukasimama kama manyoya ya paka aliyeona mbwa. Padre aliyekuwapo anasema Dokta aliurudia mchezo huo mara saba, na tabasamu lilikwisha kwenye mara ya pili. Marehemu naye hakuwahi kuona jambo lile, akashangaa kama wao, lakini alisema tu, "Naona na chuma chako kinajua." Dokta alizichukua zile furushi mbili, akazitia lakiri ya nta, akaondoka nazo kwenda Ulaya.

Miaka miwili na nusu ilipita, na watu walimwambia amesahauliwa. Tarehe 9 Machi 1911 barua ilifika misheni, na ndani yake mchoro wa mistari miwili, kila mmoja ukipanda na kushuka. Padre alimweleza kwamba jua lina rangi tunazoziona kwenye upinde wa mvua, na kwamba nje ya rangi nyekundu, mahali jicho halioni kitu, upo mwanga mwingine, ambao ngozi tu ndiyo inayoujua, inauita joto. Mwanga huo Dokta aliupitisha kwenye kipande cha chumvi ya mawe kilichochongwa kikang'aa kama kioo, kwa maana kioo chenyewe huuzuia, kisha akauelekeza kwenye unga wa kila furushi, akapima kidogo kidogo ni wapi unapita na ni wapi unamezwa. Marehemu hakujua kusoma herufi, lakini aliuelewa mchoro upesi kuliko Padre, akapitisha kidole akasema hii ni milima na haya ni mabonde, huu wa jabali una mabonde mawili yaliyokaribiana, na huu wa kinamasi bonde lake liko kwingine, peke yake. Aliuliza bonde la maji liko wapi, akaonyeshwa. Akaomba kanga yake na fimbo, akasema anashuka Morogoro.

Alikwenda bomani mara nne, kwa miguu, mwezi Aprili na Agosti 1911, Februari 1912, na Septemba 1912, na kila mara alitaka jambo moja, kwamba barua ile isomwe kwenye baraza ile ile, mbele ya wanawake wale wale, na kwa sauti ile ile iliyomwita mwongo. Mara ya kwanza hakufunguliwa mlango. Mara ya pili aliambiwa bwana aliyehukumu amerudi kwao, kampuni imeifuata reli bara, na kesi imekufa. Mara ya tatu alipewa ahadi ambayo wengi wangeipokea kwa magoti, kwamba machimbo ya Lumbwe yatarudishwa kwa huruma ya serikali, aweke dole gumba hapa, aende nyumbani. Akauliza huruma ya nini, kwani nani alikosa. Akaambiwa boma halisomi barua za watu barazani. Akasema basi na mimi siweki dole.

Ukoo ulikasirika, na lazima liandikwe hivyo. Shamsia hakusema na mama yake mwezi mzima, kwa kuwa mgongo wake ndio uliokuwa ukibeba udongo kutoka ng'ambo ya Ruvu, na Stefano alimwambia dada yake usoni kwamba anawanyima watu wa Lumbwe riziki yao kwa ajili ya jina lake. Marehemu alimjibu kwamba machimbo yanayotolewa kwa huruma yatachukuliwa siku huruma itakapokwisha, na kwamba kitabu cha boma bado kinasema udongo ni mmoja, na atakayekuja kesho atasoma kitabu, hatasoma moyo wake. Mara ya nne alikwenda akiwa anakohoa damu, akarudi kwa machela.

Kuanzia Oktoba 1912 alitibiwa kwenye zahanati ya misheni na masista, ambao hawakuchoka, na mzee Mikidadi wa Mkuyuni alimletea dawa za mizizi, na masika ya mwaka huu hakuweza tena kutoka nje. Siku za mwisho alimwita Shamsia, wakapatana, wakalia, wakacheka pia, akamwambia kwa masikio ya sisi tuliokuwa chumbani, "Mwanangu, msinifunike na msamaha ambao sikuuomba." Alifariki Jumanne tarehe 17 Juni 1913, saa tatu asubuhi, nyumbani kwake Lumbwe, mikono yake ikiwa na udongo kwenye nyufa zake, ambao hatukuweza kuuosha, na hatukujitahidi sana.

Jana jioni, maiti haijapoa, alikuja akida, huyu aliye kwenye kiti cha mbele, na salamu za rambirambi kutoka bomani, kwamba machimbo ya Lumbwe wanapewa wafiwa kama mkono wa pole, ila kwa sharti kwamba mambo ya zamani yasitajwe msibani. Tulikaa ukoo mzima tukaliangalia neno hilo. Tulichoka, tulikuwa na majonzi, na udongo uko mbali, kwa hiyo asije mtu akadhani lilikuwa neno rahisi. Aliyesimama alikuwa Stefano, yule yule aliyemsihi dada yake aseme, akatazama mlango wa chumba alimolala marehemu, akasema, "Mimi nilimwomba auze, hakuuza. Leo hawezi kunizuia, na mimi siuzi. Isomwe." Shamsia akasema isomwe. Wanawake wa Lumbwe, wale ishirini na wawili, ambao leo wamebaki kumi na saba, wakasema isomwe.

Ndugu waombolezaji, hii hapa barua, na Padre ameketi pale kushuhudia kwamba naitafsiri sawasawa: "Berlin, tarehe 14 Desemba 1910. Nimeupima udongo wa bibi Mosi wa Lumbwe kwa mwanga usioonekana, mara kumi na moja kwa kila furushi. Chuma ni kile kile, hewa ni ile ile na maji ni yale yale, ndiyo maana wapimaji wa madawa waliona kitu kimoja, nami niliona hivyo, nikakosea. Lakini vimejengwa kwa namna mbili mbalimbali, kama nyumba mbili zilizojengwa kwa miti ile ile, na mwanga unaingia na kumezwa katika kila moja mahali pake, wala hakuna mahali pa kuchanganya. Ni madini mawili. Bibi huyu alisema kweli siku ya kwanza. Naomba aambiwe hivyo mbele ya watu waliomsikia akiitwa mwongo."

Sasa ameambiwa. Watu waliopo hapa ni wengi kuliko waliokuwapo bomani siku ile, tumehesabu.

Familia inawashukuru masista wa zahanati kwa siku mia mbili na zaidi za kumwosha na kumgeuza, mzee Mikidadi kwa mizizi yake na utani wake, Padre kwa kuitunza barua ndani ya kabati la vitabu vya misa ambako hakuna ambaye angethubutu kupekua, majirani wa Lumbwe na Kibungo kwa kuni, maji na mikeka, shemeji wa Mkuyuni waliosoma dua yao tangu alfajiri bila kuulizwa jina lake la ubatizo, na wafinyanzi wenzake ishirini na wawili, waliokufa na walio hai, kwa kutokusema hata mmoja wao kwamba udongo ni mmoja. Tunamshukuru na bwana akida kwa kuja, kwa kuwa alitumwa kuhakikisha jambo hili halitajwi, na sasa anaweza kupeleka habari kamili. Mkono wa pole tumeukataa. Ule ubao wa pale machimboni Stefano ameung'oa leo alfajiri, na tunajua ni kosa gani, na tunajua mnyororo unapatikana wapi.

Mama mkubwa, najua matanga hayajaanuliwa na wazee watatusema, lakini kesho asubuhi tunapanda kuchimba, wa jabali kwanza. Pumzika kwa amani.